Majestic ya Vuga na watu ambao hakuna aliyewaandika

 Wiki hii hakuna staa, hakuna nani kaachana na nani. Ukurasa huu kazi yake ni watu wasiotajwa, na leo nawaletea kundi zima la watu hao, wote wamepita kwenye jengo moja. Jengo lenyewe lina jina kubwa tu: Majestic. Lipo Vuga, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ukuta wake wa mbele bado umesimama, ukipita haraka haraka unaweza kudhani jioni watafungua mlango na kukata tiketi. Ukichungulia ndani unakutana na mbingu. Paa limeshaanguka.

Najua kuna mtu atauliza, sisi watu wa bara, tena wa huku kusini kabisa juu ya nyanda za Makonde, sinema ya Unguja inatuhusu nini? Inatuhusu. Tuliza mshono kwanza.

Ukitafuta habari za Majestic utapewa majina matatu na biashara imeisha. La kwanza ni Jariwalla, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na uzoefu wa kuonesha filamu Zanzibar. Mwaka 1921 alifungua jumba la sinema hapo hapo Vuga likaitwa Royal. La pili ni John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyependa kuchora majengo. Huyu ndiye aliyechora Mahakama Kuu ya Vuga na lile jumba la makumbusho la Beit el Amani pale Mnazi Mmoja, na Royal nayo ni mkono wake. Sinclair alipenda matao na kuba, alitaka Zanzibar ionekane kama alivyoifikiria yeye, Uarabuni kidogo na Uhindi kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Royal ikaungua moto. Hapo linaingia jina la tatu, Dayalji Pitamber Sachania, mchoraji wa majengo aliyelisimamisha jumba jipya mahali pale pale, na mwaka 1955 likawa na jina jipya: Majestic. Safari hii hakuna tao wala kuba. Lilikuja na sura ambayo wataalamu wanaiita ati deko.

Hilo neno ati deko ngoja nilieleze kidogo maana linatisha bure. Limetokana na maonesho makubwa ya sanaa za mapambo yaliyofanyika Paris mwaka 1925. Ni mtindo wa mistari iliyonyooka, kona za mviringo kama ubavu wa meli, kichwa cha jengo kilichopanda ngazi ngazi, na herufi kubwa za jina zinazoonekana toka mbali. Kinachonifurahisha ni kwamba jina lenyewe lilikuja kushika miaka ya 1960, wakati majengo mengi ya aina hiyo yameshazeeka. Kwa hiyo mwaka 1955 mtu akipita Vuga hakusema "tazama ati deko". Alisema jengo la kisasa, basi. Yaani hata mtindo wenyewe ulikuwa hautajwi!

Mtindo haukuja moja kwa moja toka Ufaransa. Njia yake ni bahari yetu. Bombay walikuwa wameshajenga majumba ya sinema ya aina hiyo, Regal mwaka 1933, Eros mwaka 1938, na mengine yakafuata. Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wanaangalia Bombay kama sisi tunavyoangalia Dar: kikitoka kitu kule, huku lazima kiigwe. Ndiyo maana ukizunguka Uhindini Dar es Salaam, au Tanga, au Mombasa, unakuta nyumba zenye sura ya undugu na Majestic.

Na kulikuwa na sababu ya kiufundi pia. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haina urefu wa kutisha, ndiyo maana vyumba vya nyumba zile ni vyembamba, upana wa mita tatu hivi, ukitaka kikubwa unaongeza urefu tu. Sasa sinema inataka ukumbi wa mamia ya watu, tena bila nguzo inayomziba mtu macho. Kwa mkoko huwezi. Unahitaji saruji na chuma. Kwa hiyo mtu wa Unguja alipoingia Majestic, kabla hata taa hazijazimwa, alikuwa ameshaona kitu ambacho nyumbani kwake hakipo: chumba kipana namna ile.

Majina yanaishia hapo. Sasa wanaanza watu wangu.

Wa kwanza ni mpanda baiskeli. Kopi ya filamu ilikuwa ghali na ilikuja kwa meli, hivyo kopi moja mara nyingi ililazimika kuhudumia majumba mawili kwa usiku mmoja. Filamu ya Kihindi ya saa tatu haikai kwenye gurudumu moja, inagawanywa kwenye rili nane, tisa hivi, kila moja dakika ishirini kwa makadirio. Jumba la kwanza linaanza mapema, la pili linaanza baadaye. Rili ya kwanza ikiisha huku, inafungwa kwenye kopo lake, jamaa anaibeba kwenye baiskeli na kupiga pedeli kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka jumba la pili, anaiacha, anarudi kufuata nyingine. Usiku mzima. Wewe umekaa kwenye kiti chako unalia na Nargis, hujui kwamba machozi yako yanategemea matairi ya mtu. Akipata pancha, mamia wanakaa gizani wanapiga miluzi. Vile vichochoro mimi nimepita kwa miguu mchana kweupe na nikapotea mara mbili. Yeye alipita usiku, kwa kasi, na mzigo, akikwepa watu na mikokoteni. Huyo ndiye staa wangu wa leo na jina lake silijui.

Wa pili ni mwendesha mashine, yule aliyefungiwa kwenye kichumba cha juu nyuma ya watazamaji. Mashine za enzi hizo hazikuwa na balbu kama tunavyojua. Mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vinavyounguzwa kwa umeme mkali, na vijiti vinaliwa kama mshumaa, lazima mtu avisogeze kila baada ya muda, la sivyo picha inafifia. Ongeza joto la Zanzibar juu yake. Na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi duniani zilikuwa za naitreti, kitu kinachoshika moto haraka na kikishashika hakizimiki kirahisi. Yaani wenzetu wa enzi ya Royal walikuwa wanakaa chumba kimoja na kiberiti cha mita elfu kadhaa ili watu wengine wafurahi.

Wa tatu sasa ni wetu kabisa: mlanguzi wa tiketi. Filamu kubwa ikija, hasa Jumapili ambayo ilikuwa siku ya familia kutoka, tiketi zinakwisha dirishani, kisha zinaonekana mkononi mwa kijana nje kwa bei ya juu. Watu wazima walimlaani ila walinunua. Tunaweza kumwita mhuni, lakini ukimtazama vizuri utaona ndiye baba mdogo wa machinga. Na neno machinga si mnajua linasemwa limetoka wapi? Wamachinga ni kabila la majirani zetu wa Lindi, vijana wao walikwenda Dar kutembeza bidhaa mkononi, basi jina la watu likageuzwa jina la kazi. (Kuna wajuaji wanasema ni Kiingereza cha kutembea kwa gwaride. Wapuuzeni.) Leo kijana wa Nachingwea, wa Masasi, hata wa Mwanza huko, akitembeza soksi Kariakoo ni machinga, jina lake la ubatizo halina kazi. Ndivyo mtu anavyofutwa akiwa bado anatembea.

Halafu kuna kina mama. Hapa Zanzibar ilikuwa na mambo yake. Palikuwa na maonesho maalum ya wanawake peke yao, mlango umefungwa kwa wanaume. Mwanamke ambaye mchana hatoki bila buibui na sababu, siku hiyo anatoka na shoga zake, amejipaka udi, amevaa vizuri, anakwenda kukaa saa tatu kwenye ukumbi mpana na kucheka kwa sauti anayoitaka. Nikisoma maandishi ya wapenda majengo naona wanasifia ngazi na kona za mviringo. Sawa. Mimi naona zile ngazi na kuwaza nani alizipanda. Mwanahistoria wa Kimarekani Laura Fair alifanya kazi ambayo tulipaswa kuifanya wenyewe. Alikaa na wazee wa Zanzibar, Dar, Tanga na kwingine akawauliza walikwenda sinema na nani, walikaa wapi, walilia wapi, akatoa kitabu mwaka 2018. Kinachotoka kwa wazee wale ni kwamba ukumbi haukutenganishwa kwa rangi kisheria kama ilivyokuwa Afrika Kusini. Kilichotenganisha ni bei. Viti vya mbele karibu na pazia ni vya hela ndogo, vya nyuma na juu ni vya wenye nazo.

Na kwenye vile viti vya mbele ndipo nawatafuta watu wa kwetu. Wamakonde wamekwenda Unguja na Pemba miaka mingi, wengine kutoka upande huu wa Ruvuma, wengine upande wa Msumbiji, kulima, kuchuma karafuu, kubeba mizigo. Wajukuu zao wapo mpaka leo. Kama vile walivyokwenda wengine kukata mkonge Tanga wakaitwa manamba, yaani namba, si jina. Unaona lakini? Kila tunakokwenda tunapewa neno badala ya jina. Mtu wa bara wa Zanzibar ya wakati ule aliishi shamba au Ng'ambo, upande wa pili wa mji, nje ya majumba ya mawe. Kutoka Ng'ambo mpaka Vuga ni mwendo wa miguu tu. Kwa saa tatu alikaa kwenye jengo zuri kuliko yote aliyowahi kuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele.

Alitazama nini? Hapa kila mzee wa pwani ana jibu moja: Awara. Filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Jaji mmoja anaamini mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mtoto wa watu wa heshima lazima awe wa heshima. Kumbe mtoto wake mwenyewe amekulia mtaani mikononi mwa mhalifu. Filamu nzima inauliza, mtu ni damu yake au ni alivyolelewa? Sasa fikiria swali hilo linaulizwa Zanzibar ya miaka ya 1950, mji ambao kila mtu anaulizwa wewe ni nani, Mwarabu, Mshirazi, Mhindi, Mngazija, mtu wa bara, na siasa zinazidi kuchemka kwa maswali hayo hayo. Halafu washangae kwa nini watu waliirudia mara nyingi. Ile haikuwa filamu ya Wahindi, ilikuwa kesi yao.

Nyimbo zenyewe zilitoka ukumbini zikaingia mitaani. Watu ambao hawajui neno la Kihindi la kuombea maji waliimba nyimbo nzima bila kukosea. Waimbaji wa taarabu wakachukua tuni wakatia maneno ya Kiswahili, na Juma Bhalo wa Mombasa akajulikana kwa ufundi huo kuliko wote. Kwa hiyo ukisikia leo mtu analalamika kwamba wasanii wetu wanaiga tuni za Wanigeria, mwambie hii ishu ni ya zamani, babu zake walikuwa wanapiga makofi.

Januari 12, 1964 yakaja Mapinduzi. Majumba ya sinema ya Zanzibar yakawa mali ya serikali. Wenye mali wengi wakaondoka, wengine Dar, wengine Uingereza na kwingineko. Maonesho yaliendelea, Wahindi kwenye pazia, baadaye Bruce Lee na mateke yake. Ila jengo ni kama shamba la mikorosho: usipopalilia na kupulizia dawa, miaka michache ya kwanza litaendelea kuzaa na utadhani uko salama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ikapata televisheni ya rangi, wakati sisi bara tulisubiri televisheni yoyote ile mpaka mwaka 1994. Miaka ya 1980 zikaja deki za video. Mtu akaona kwa nini nivae nitoke, wakati Amitabh Bachchan anaingia mpaka sebuleni? Majestic ikawa inaonesha kwa kusuasua, kisha ikabaki kona moja ya jengo inayotumika, kisha paa likaanza kuvuja. Na jengo la saruji na chuma karibu na bahari likishaanza kuvuja, chuma kinaota kutu ndani kwa ndani, kinavimba, kinaipasua saruji. Hakuna anayeona mpaka siku kipande kinaanguka.

Huku kwetu nyanda za juu sinema ilitufikia kwa njia nyingine. Vijijini ilikuja kwa gari la serikali, pazia linafungwa, watu wanakaa chini, unafundishwa kilimo na usafi. Hiyo ilianza toka ukoloni, miaka ya 1935 mpaka 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza uliozungusha filamu za mafunzo Afrika Mashariki kwa lori. Halafu zama zetu kikaja kibanda umiza. Mabati, benchi, televisheni moja, na sauti ya Lufufu ikitafsiri Wachina kwa Kiswahili cha Manzese. Msimu wa korosho, mnada ukipita na pesa ikiingia, kibanda kinajaa mpaka watoto wanachungulia kwenye matundu ya misumari. Bongo Movie ilipokuja na kina Kanumba, kumbi kubwa kama Majestic zilikuwa zimeshakufa, kwa hiyo mastaa wetu wakubwa wa filamu walitazamwa kwenye vibanda na sebuleni. Hakuna mtu atakayeweka kibanda umiza kwenye orodha ya urithi, na sidai wakiweke. Ila mwenye kibanda naye alikuwa na jina.

Kuna mji mmoja huku huku Afrika Mashariki ambako majengo ya aina ya Majestic yamepona, nao ni Asmara, Eritrea. Kule Waitaliano walijenga mji mzima wa namna hiyo miaka ya 1930. Jumba la sinema la Impero, la mwaka 1937, bado limesimama, na mwaka 2017 mji ukaingia kwenye urithi wa dunia. Jengo maarufu kuliko yote kule ni kituo cha mafuta, Fiat Tagliero cha mwaka 1938, chenye mabawa mawili ya zege kama ndege, kila bawa mita kumi na tano hivi, hayana nguzo chini. Inasimuliwa kwamba siku ya kutoa miti ya kushikilia zege mafundi waliogopa yataanguka, na mchoraji Giuseppe Pettazzi akatoa bastola kumlazimisha fundi aitoe. Mabawa hayakuanguka. Hadithi hiyo inasimuliwa kila mahali kumsifu Pettazzi kwa kujiamini. Mimi ninayemuwaza ni yule mwenye bastola kichwani na mti mkononi. Jina lake nani? Hata hadithi inayomhusu haimtaji.

Tukirudi Unguja, Mji Mkongwe wenyewe uko kwenye urithi wa dunia toka mwaka 2000. Tamasha la filamu la ZIFF limeanza mwaka 1998, na kwa miaka mingi wageni wametazama filamu Ngome Kongwe, nje, chini ya nyota, huku jumba lililojengwa makusudi kwa kazi hiyo liko dakika chache kwa miguu, nalo pia chini ya nyota ila kwa sababu mbaya. Asasi ya Hifadhi Zanzibar imekuwa ikipigania kulifufua Majestic liwe tena sinema na ukumbi wa sanaa. Nawaombea. Lakini hofu yangu ni kwamba watalipaka rangi, wataweka kibao ukutani, na kwenye kibao kutakuwa na majina yale yale matatu niliyoanza nayo.

Kwa nini nina hofu? Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka pale Forodhani wakati ikikarabatiwa. Watu wawili walikufa. Dunia nzima ililia, na kwa haki, ni jumba la mwaka 1883. Lakini jaribu kuuliza watu kumi nani alilijenga, wengi watakujibu Sultani Barghash bila kusita. Kisha waulize waliokufa chini yake walikuwa kina nani.

Kwetu kuna mcheza kinyago, midimu kwa wengine, mapiko kwa wengine. Akishavaa, kumtaja jina ni mwiko, hata kama umemjua kwa miguu. Huyo kaficha jina lake mwenyewe, kwa makusudi, na kijiji kizima kinamlindia. Mpanda baiskeli wa Majestic hakuficha. Hakuna aliyemuuliza.

Aliyekuwa na miaka kumi na tano Majestic ilipofunguliwa, leo ameshapita themanini. Kama nyumbani kwenu Newala, Masasi, Kitangari au Mahuta yupo babu au bibi aliyewahi kuishi Unguja enzi za karafuu, msogelee jioni hii kabla hujaingia kwenye simu tena. Muulize alikaa kiti cha bei gani, alikwenda na nani, na kama anamkumbuka yule jamaa wa baiskeli aliitwa nani.